Karatasi za Mama Ziandikwe Angali Anajua Jina Lake

Hotuba kwa walezi, wazee wa mitaa na viongozi wa dini, Likoni, Mombasa, Siku ya Alzheimer Duniani, 21 Septemba

Chifu wetu, wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji mlioketi huku mbele, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi akina mama mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili muondoke haraka simu ikilia kutoka nyumbani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nawajua nyinyi wa mlangoni. Nilikaa hapo miaka sita. Umemwacha mzee na mtoto wa jirani, umemwambia "narudi sasa hivi," na mwili uko hapa lakini roho iko nyumbani. Kwa hivyo nitasema na nyinyi kwanza, na wakubwa mtaniwia radhi.

Nimekuwa muuguzi miaka 31. Nimezalisha, nimefunga vidonda, nimefundisha wanafunzi dalili za maradhi ambayo wengi wenu hamjapata hata kuyasikia. Na mamangu mwenyewe alipoanza kusahau, nilisema ni uzee.

Mamangu alikuwa msukaji wa mikeka. Mnaomjua mnamjua kwa mikono yake. Siku moja, nikitandika kitanda, nikauona ukili wake, ule utepe wa majani ya miyaa wa kushonea mkeka, umekunjwa pembeni, nikaunyoosha. Ulianza mpana, ukapungua, ukapanuka tena, kama barabara iliyopewa makandarasi watatu wasiosemezana. Nikamuuliza. Akaniambia miyaa ya siku hizi ni mibaya. Nikakubali. Mwaka mzima, mimi muuguzi, nilikubali kwamba miyaa ni mibaya.

Mwaka ule ndio uliotugharimu. Mama alikuwa bado anaijua nambari ya kitambulisho chake kwa kichwa. Angeweza kukaa mbele ya wakili au afisa wa benki akasema, "Huyu ni mwanangu, namwamini, afanye hili na lile." Sisi tulikuwa tukizozana kuhusu miyaa. Tulipokubali kwamba ni ugonjwa, kila ofisi tuliyokwenda ilitaka sauti yake, na sauti yenyewe ilikuwa imeshakwenda.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Haki za mtu mwenye dimenshia katika Kenya hii zipo, na nyingine ni nzuri kuliko mnavyodhani. Lakini karibu zote zinapitia kwenye karatasi, na karatasi iliyo muhimu zaidi inataka mwenyewe awe anaelewa anachokitia sahihi. Anayengoja mpaka majirani waone, amechelewa.

Sasa jina. Hatujakubaliana neno moja. Wengine husema ugonjwa wa kusahau, redioni utasikia dimenshia, mitaani utasikia mzee amerudi utotoni, na wasio na haya husema amerukwa. Mimi nasema dimenshia kwa sababu ndilo neno atakaloliandika daktari, na karatasi ya daktari ndiyo tutakayoizungumza mpaka tutoke humu. Kusahau ni sehemu yake tu. Huharibika pia lugha, kujua saa na mahali, kupima jambo kabla ya kuamua, hata tabia. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kuna pia ile inayoletwa na mishipa ya damu ya ubongo, na hapo wenye presha na sukari mnitazame vizuri, msijifanye mnasoma simu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 57 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu wako katika nchi za kipato kama chetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Atakayekuuzia chupa ya mitishamba na kukuahidi kwamba kumbukumbu zitarudi, mwambie akumbuke kwanza kukurudishia pesa zako.

Tahadhari moja ya kiuguzi kabla sijasahau, na msicheke. Mzee aliyekuwa timamu Ijumaa akaanza kuweweseka Jumapili, usiseme ni dimenshia. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka, au dawa mpya aliyopewa. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, na wengi wao hurudi sawa. Dimenshia huja polepole, kama ukili wa mamangu.

Watu huniuliza, "Mamangu hakusoma, atapimwaje?" Swali zuri sana. Vipimo vingi tulivyoletewa humtaka mgonjwa achore saa na aandike sentensi. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu ukimpa kalamu akashindwa, umepima shule, hukupima akili. Jirani zetu Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini mwaka 2010 wakiwatafuta wenye dimenshia miongoni mwa waliofika miaka 70. Hesabu yao ilitoka asilimia 6.4. Na baadaye katika kazi hiyo kikatokea kipimo kifupi kisichotaka kalamu. Anayepima anapanga njiti nne za kiberiti mezani, kisha bibi anapanga zake vivyo hivyo. Anaulizwa leo ni siku gani, daraja ni nini, ataje wanyama anaowajua kwa dakika moja. Anatajiwa maneno kumi, halafu baada ya muda anaulizwa anayakumbuka mangapi. Basi. Kiberiti cha dukani na dakika chache. Wahudumu wa afya ya jamii mlio hapa, waulizeni wakubwa wenu kwenye kliniki kuhusu kipimo hicho, msione haya.

Tuje kwenye haki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Jamaa na serikali. Miaka yote tumeisoma nusu ya kwanza peke yake, na kwa "jamaa" tukaelewa binti asiyeolewa.

Kuna mlango mwingine ambao familia nyingi hawaugongi kwa aibu. Dimenshia ikifika pale inapomzuia mtu kuendesha maisha yake, ni ulemavu. Ndiyo, ulemavu, hata kama anatembea kutoka hapa mpaka Mtongwe bila mkongojo. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unawahesabu pia wenye udhaifu wa akili wa muda mrefu. Nyumbani tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyoiondoa ile ya 2003. Mzee hupimwa na madaktari wanaopima ulemavu katika hospitali zilizoteuliwa, ripoti yao inakwenda kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na baraza ndilo linalotoa kadi. Hapa kwetu mtaanzia hospitali kuu ya Makadara, na huenda mkaelekezwa Port Reitz kwa sababu huko ndiko kwenye kitengo cha afya ya akili. Najua jina la Port Reitz likitajwa mtaani watu husonyana na kucheka. Wacha wacheke. Wewe rudi na karatasi.

Kadi hiyo inafaa nini? Kwa anayefanya kazi, mapato ya mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi yanaweza kusamehewa kodi. Msidhani hilo halituhusu. Nimemuuguza mwalimu aliyeanza kusahau majina ya wanafunzi wake akiwa na miaka 54, na watu wakasema amekuwa mlevi. Kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa asiyeweza kuachwa peke yake, kuna fungu lake la Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za kila mwezi, hata kama hajafika 70.

Aliyefika 70 ana Inua Jamii ya wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nyumbani kwetu pampasi za watu wazima zilizila zote kabla mwezi haujafika katikati. Lakini ni zake, zichukueni. Na siku ile ile ya kuandikisha, andikisheni pia msaidizi atakayepokea kwa niaba yake. Siku ile ile, narudia, kwa sababu sisi hatukufanya.

Ulipofika wakati wa kuhakikiwa kwamba yu hai, ofisi moja, sitaitaja, ilinitaka nimlete mwenyewe. Nikampakia kwenye tuktuk, buibui limepigwa pasi, kwa sababu mama hakuwahi kwenda ofisi ya serikali bila buibui lililopigwa pasi. Tukakaa foleni tangu saa mbili. Ilipofika zamu yetu, vidole vilivyosuka miyaa miaka 60 mashine haikuvisoma. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Kijana wa mashine akamwambia kwa upole, "Nyanya, bonyeza kwa nguvu." Mama akaushika mkono wa yule kijana, akamwita kwa jina la kakake aliyekufa zamani, akamuuliza mbona hakuja kula. Kijana akavuta mkono wake. Akaniangalia mimi, akasema, "Mrudishe akiwa sawa."

Mrudishe akiwa sawa. Miezi minne pesa zilisimama tukingoja mama awe sawa. Simlaumu kijana yule; hakuna aliyemfundisha. Ningekuwa na ripoti ya daktari mkononi na jina langu limeandikwa kama msaidizi, nadhani asingekuwa na la kusema.

SHA, bima ya afya ya serikali, nitaipitia mbio kwa sababu mmeshaimbiwa sana tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwandikisheni mzee kwa jina lake, lakini nambari ya simu iwe ya mlezi, isiwe ile laini iliyopotea mwaka juzi, maana ujumbe wa kuthibitisha huenda huko. Akishaandikishwa, huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3, halipishwi. Hospitali kubwa ndiko mtaulizwa mchango, asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Yatosha.

Mali. Hapa mtaniruhusu nikae, kwa sababu hapa ndipo ndugu wanapoachana mikono.

Watu hudhani mzee akishasahau, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye mwenye amri. Hakuna sheria hiyo. Kuzaliwa na mtu hakukupi haki ya kumtilia sahihi. Njia iliyo rahisi ni hati ya uwakala: mzee, akiwa anaelewa, anakwenda kwa wakili na kumpa mtu aliyemchagua mwenyewe uwezo wa kumshughulikia benki, kodi za nyumba, bili. Nzuri. Lakini ina shimo ambalo mimi nililijua nikiwa ndani yake. Kwa sheria yetu uwakala huo huisha nguvu pale aliyeutoa anapopoteza uwezo wa kuelewa. Yaani ni mwavuli unaofunguka juani na kujifunga mvua ikianza. Uingereza wana uwakala uliotengenezwa uendelee kufanya kazi hata baada ya hapo. Wanasheria wa kaunti mlio hapa, na mheshimiwa mwakilishi wa wadi kama bado hujaondoka, hilo ni jambo la kupigiwa kelele Nairobi.

Mvua ikishaanza, njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho 2022. Unaiomba korti imteue mtu wa kumsimamia mzee na mali yake. Watataka ripoti ya daktari, watataka ndugu wengine wajue, na aliyeteuliwa atatakiwa aorodheshe mali na atoe hesabu zake. Ni mwendo mrefu na wakili anakula. Lakini unamlinda mzee na mwana mwenye haraka. Nimeona kikao cha kugawa mirathi kinaitwa na mama mwenyewe ameketi pale pale kwenye mkeka, anakula embe, na hakuna aliyeona ajabu. Mirathi ni ya maiti. Huyu alikuwa akiomba apewe chumvi ya embe.

Kwa hivyo aliye na mzee anayeanza tu, wiki hii hii mkae naye. Asubuhi, akishakunywa chai, ndipo kichwa kinapokuwa chepesi, msimuulize jioni. Hati ya shamba iko wapi? Nani anamdai, nani anadaiwa? Anataka benki iwe na sahihi za watu wawili? Kama anataka wosia, uandikwe sasa, kwa sababu wosia wa mtu asiyejua alichokisema utakuja kupingwa, na Waislamu mnajua mpaka wake ni thuluthi. Muulizeni hata mambo ambayo hakuna korti itakayoyauliza: nani amuoshe, alale wapi, nani asimwingilie chumbani. Mrekodini kwa simu, sauti yake mwenyewe. Na msimnyang'anye kila uamuzi siku daktari anapolitaja jina la ugonjwa. Mamangu alishindwa kuhesabu chenji miaka mitatu kabla ya kushindwa kutambua ni nani katika wajukuu aliyekuwa akimwibia.

Chifu, hapa nakuomba unipe sikio.

Kaunti jirani, Kilifi, wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Huko Ganze, pale Kaya Godoma, kuna makao yaliyowapokea wazee waliokimbia watu wao wenyewe. Wala si Pwani tu: Oktoba 2021, Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo. Sasa fikirieni. Bibi anakutwa saa nane usiku uani kwa jirani, hana nguo, anazungumza na mumewe marehemu, akiulizwa ametoka wapi hajui. Anayejua dimenshia ataona mgonjwa aliyeamka kwenda chooni akapotea. Asiyejua ataona mchawi. Na mwenye tamaa ataona hati ya shamba.

Waislamu wenzangu, sisi tumeisoma hali hii katika Qur'ani, kwamba wapo kati yetu watakaorudishwa kwenye umri wa udhaifu hata wasijue kitu baada ya kuwa wakijua. Imetajwa kama hatua ya maisha ya binadamu. Maimamu, hiyo ni khutba nzima ya Ijumaa, nimewapa bure. Wachungaji nanyi mnazo zenu, amri ya kuwaheshimu baba na mama iko pale pale ilipokuwa.

Na kuna sheria. Ile Sheria ya Uchawi ya 1925 watu huidhani ni ya kuwakamata waganga peke yao. Ndani yake kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi nako ni kosa, isipokuwa umepeleka lalama kwa polisi au kwa wakuu wa serikali kama wewe, Chifu. Anayepiga domo hilo kibarazani anavunja sheria kabla ya jiwe la kwanza kurushwa. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya haki za wazee, iliyopitishwa 2016 na kuanza kufanya kazi 2024, nayo inazitaka serikali zikomeshe tuhuma hizo.

Lakini sheria iko mbali na ua wa jirani saa nane usiku. Mimi nilifanya hivi. Mama alipotoka usiku mara ya kwanza, asubuhi nilikaanga mahamri, nikazunguka nyumba saba. Kila nyumba nilisema: mama ni mgonjwa wa ubongo, ana karatasi ya hospitali, hii hapa, mkimkuta nje msimpigie kelele, msimshike kwa nguvu, mwambieni "chai iko tayari" atawafuata, na nambari yangu ni hii. Nakala nyingine nikampelekea mzee wa mtaa. Tangu siku ile alirudishwa mara nne, mara moja na vijana wa maskani ambao sote tulikuwa tukiwaogopa. Ripoti ya daktari inaweza kukupatia shilingi 2,000. Kule kwa jirani inaweza kumwokolea mama yako maisha.

Mara ya tano alifika feri. Alikuwa anakwenda soko la Marikiti kuuza mikeka, biashara aliyoiacha miaka 20 nyuma. Askari wa feri alimjua vipi kwamba ni wa kwangu? Nilikuwa nimeishona nambari ya simu kwenye upindo wa buibui, kwa ndani, kwa uzi mweupe. Kikuku chenye nambari ni kizuri pia, lakini mama alikuwa akikivua. Buibui hakuvua.

Mengine ya nyumbani mnayajua kuliko mimi, nitataja mawili tu. Jua likianza kutua, mzee huanza kutaabika. Mamangu kila magharibi alishika mlango: "Nipeleke kwetu, mwanangu, jua latua." Na kwao ni pale pale, nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nilibishana naye miezi. "Mama, hapa ndipo kwenu!" Tukilia wote wawili. Mpaka siku moja nikachoka, nikasema, "Haya, twende." Nikamshika mkono, tukazunguka nyumba mara moja, tukaingia kwa mlango wa uani. Akasema, "Alhamdulillahi, tumefika." Tangu hapo kila magharibi tulisafiri.

La pili ni mikono. Kule Hai walijaribu pia vikao vya kuwachangamsha wagonjwa akili kwa mazungumzo na kazi wanazozijua, vikao 14, viwili kila wiki. Havihitaji mashine. Nilipoacha kumpima mama kwa maswali, nikampa miyaa. Jina langu lilikuwa limeshamtoka, lakini vidole viliikamata miyaa vikaanza. Ukili ulitoka umepinda, haukufaa kushona mkeka wowote. Alisuka mpaka adhuhuri, na adhuhuri ile hakuna aliyemsikia akilia.

Na wewe unayelea. Jamaa walioko Uingereza hutuambia kwamba kule mlezi huweza kulipwa posho ya kila wiki na serikali. Hapa hakuna posho ya mlezi, tusidanganyane. Tulicho nacho ni ndugu, na ndugu wa siku hizi yuko Doha au Jeddah, anapiga simu ya video Ijumaa. Mama anajikaza, anajibu salamu zote, anacheka, anamwombea dua. Dakika tano. Halafu ndugu anakwambia, "Mama hana neno, wewe wachoka bure." Dawa yake nimeipata: usimpigie akiwa ameshaoga. Mpigie magharibi, mama ameshika mlango, umweke simu mbele asafiri nanyi kuzunguka nyumba. Pesa zitakuja na nauli ya kuja kukupokea zamu wiki mbili itapatikana. Na usimngoje yeye peke yake. Tafuta wenzako. Elizabeth Mutunga alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya baada ya ugonjwa huu kuingia nyumbani kwao, na kazi yao mojawapo ni kuwakutanisha walezi. Sisi wa Likoni tumeanza wanne, chini ya mwembe wangu, kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mzee wako mje naye. Miyaa ipo.

Nimeonyeshwa saa, kwa hivyo nakoma hapa. Kule kushoto mmeona meza mbili. Ya kwanza ni ya afisa wa ustawi wa jamii, na fomu za msaidizi wa Inua Jamii ziko pale. Aliyekuja na kitambulisho cha mzee wake aanze hapo. Ya pili ni ya wakili kijana aliyejitolea mpaka saa nane, kwa wale ambao wazee wao bado wanaelewa. Dada wa gauni la kijani uliyeniuliza pale nje kuhusu babako, usiondoke kabla ya kufika meza hiyo. Umesema leo asubuhi amekutajia jina lako na la mumeo. Mpigie anayekaa naye, aletwe kwa tuktuk sasa hivi, nauli nitalipa mimi.